Kibali cha Kivuva

Jalada lake ni jembamba, kurasa sita,
moja ina doa la chai, na chai ni yangu.
Kivuva. Miaka mitatu na miezi; miezi haijulikani.
Makao mawili kabla ya haya.
Sasa yuko kwa Rispah Kageha, Kariobangi Kusini,
mshona kola katika kiwanda cha Baba Dogo,
ambako zamu huanza saa moja kamili
na geti halina shemeji.

Wa kumzaa angempitisha tu kwa jirani:
"Nishikie huyu, narudi,"
mambo yakaishia hapo kizingitini.
Huyu ni wa serikali kabla ya kuwa wa mtu,
kwa hiyo jirani wa kwanza ni mimi,
na fomu, na muhuri,
na muhuri umefungiwa katika droo ya mkubwa
aliyekwenda semina Naivasha.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi.
Juu ya mimba iliyobebwa na mwingine
hawakutuachia neno.

Nilikwenda mwenyewe kukikagua kituo cha Mwalimu Nyaboke.
Komeo liko juu, mkono mdogo haulifikii.
Jiko liko nje, limezungushiwa matofali.
Ndoo zina vifuniko.
Watoto kumi na mmoja, wanawake wawili,
na bibi mmoja mwenye mguu mbovu
ambaye hakuna karatasi inayomtaja,
naye ndiye aliyekuwa amembeba anayelia.
Nikaandika: walezi wawili.
Nikafuta. Nikaandika: watatu.

Kisha maswali.
Nani anaruhusiwa kumchukua jioni?
Rispah akamtaja dada yake, Beldina.
Nani haruhusiwi?
Hapo tukatazamana. Jina tulilijua sote,
lakini mwenyewe alikuwa chini ya meza
akipanga visoda, vyekundu huku, vya kijani kule,
na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine.
Rispah akaliandika kwa kidole juu ya mbao,
herufi kwa herufi,
nami nikanakili.

Uhusiano na mtoto: aliandika Mama.
Kanuni inataka neno la pili, mlezi.
Nafasi ilikuwa finyu.
Niliiacha ilivyo.

Nikatoa kibali cha muda, wiki sita.

Siku ya kwanza hakulia.
Wenzake waling'ang'ania sketi na miguu ya mama zao;
yeye aliingia, akavua viatu,
akavielekeza mlangoni,
akakaa kando yavyo hadi jioni.
"Mtoto mtulivu," Nyaboke akanisifia, "hana shida."
Mimi nina miaka kumi na tisa katika kazi hii.
Mtoto asiyelia akiachwa
ni mtoto aliyekwisha kuizoea milango.
Sikuyaandika hayo. Hayana kisanduku chake.

Wiki ya pili, vilevile.
Wiki ya tatu alikula uji wote, akasema asante,
akarudi kwenye viatu.
Ya nne nilikuwa mahakamani na watoto wengine,
sikupita.

Alhamisi ya wiki ya tano, saa moja na robo asubuhi,
simu. Rispah, pumzi juu,
cherehani zikinguruma nyuma yake.
"Leo amelia! Amenishika leso,
amening'oa kifungo cha blauzi,
hata ikabidi yule bibi wa mguu ambandue.
Nimekuta geti limefungwa. Wamenikata nusu siku."
Na sauti yake, katika kuhesabu hasara zote hizo,
ilikuwa ya mtu aliyeletewa posa.

Nikauliza: na viatu?
"Kimoja kimerukia huko kwa mwenye mboga,
hatujakipata."

Nikalivuta jalada.
Palipoandikwa Maoni ya Afisa nikaandika:
Mtoto amelia. Mpango uendelee.

Mkubwa alisoma mara mbili,
akainua miwani, akaniuliza
kama hapo katikati nimeruka neno,
kama nilikusudia kusema hajalia.

Sijaruka, nikamwambia.
Wino huu hapa.