Jike Tupu

Baba alinunua mbegu kumi na mbili
kwa bei ya mtamba mmoja.
Zilikuja ndani ya kiberiti, zimelazwa kwenye pamba
kama meno ya mtoto.
"Jike tupu," alisema, akizigeuza kiganjani,
"dume halimo hata moja. Wameniapia."
Ndiyo mara ya kwanza kumsikia baba
akilitamka neno jike
kwa sauti ya mtu anayeomba dua.

Sisi tulikuwa sita:
Mbuke, Nyamizi, mimi Holo, Kabula,
halafu mapacha.
Mkunga alipotoka mlangoni akasema, "Wote wa kike,"
baba alivaa viatu akaenda Geita,
akarudi mpunga umeshavunwa.
Majirani walimtuliza: hao ni ng'ombe, Lugata, hesabu kwato.
Akajibu: ng'ombe habebi jina.
Mwaka uliofuata mama alirudishwa kwao Magu
na mapacha, na godoro,
na sufuria moja isiyo na mfuniko.

Shamba lilikuwa nyuma ya mawe, huku Kayenze,
pale pimbi wanapoota jua.
Chini yake wanawake walianika dagaa,
harufu ikaficha harufu.
Askari wakipita waliziba pua, wakaenda zao.

Kazi yangu alfajiri, kabla ya shule:
kuchungulia kila kiungo cha shina.
Unywele mweupe, uache.
Kifuko kama punje ya ulezi, kimbia uniite.
"Dume moja," alisema baba, "linaharibu shamba zima."
Nikatazama mawe.

Muuza mbegu alinipa siri yake
akisubiri chai ipoe:
hizi hazina baba.
Hushikwa jike, likatiwa maji ya fedha,
likasumbuliwa mpaka likatoa chavua lenyewe,
likajizalisha.
Akacheka.
Mimi nikamwona mama kule Magu
juu ya paa, anapaua peke yake,
misumari mdomoni, Kulwa mgongoni,
Doto ameshikilia ngazi kwa mikono miwili
kana kwamba yeye ndiye aliyeisimamisha.

Mwezi wa tatu mvua ilikata.
Ndoo tulibeba kutoka ziwani, hazikutosha.
Siku hiyo, kwenye mti wa saba,
niliona unywele mweupe
na kando yake, kifuko.
Kiungo kimoja, vyote viwili.
Kiu ilikuwa imeufundisha.

Baba alikuwa hatua ishirini tu,
anaziba ua kwa miiba, anapiga mluzi.
Pimbi mmoja alilia juu ya jiwe, akanyamaza.
Nikashika jani kubwa, la chini yake,
nikalivuta likakifunika,
kama unavyomfunika mtoto kanga usiku
bila kutaka aamke.
Nikaenda mti wa nane.

Upepo wa ziwani haukuhitaji kuambiwa.

Mnunuzi alikuja na pikipiki, usiku.
Alipasua kikonyo kimoja kwa kucha, akamulika tochi,
akapasua cha pili.
"Mbegu tupu, Lugata. Umenilimia mbegu tupu."
Zilimwagika sakafuni, nyingi, zinang'aa,
zikaingia hadi chini ya kitanda.

Baba aliniangalia kwa muda mrefu.
Sidhani aliwahi kuniangalia hivyo kabla.
"Ulichungulia?"
"Nilichungulia."
"Kila mti?"
"Kila mti, baba."