Bati la Kumi na Tisa

Semina ya mita za maji, mjini Poole, iliisha saa saba.
Wenzangu wakashika njia ya madukani,
Mwanaidi na orodha ya viatu vya ukoo mzima.
Mimi nikapanda treni, vituo vitatu, hadi Wareham,
na suruali yangu ya pasi.

Bwana Pascoe, tarishi mstaafu, akanipa glavu.
"Polepole. Kivuli chako kinakutangulia."
Mabati yamelazwa vichakani, yamepigwa namba;
kwetu yangeshakuwa paa.
Tukafunua la kwanza: chungu.
La nne: konokono.
La tisa: baridi tu.

Kwetu nyoka usiku huitwa kamba, asije akasikia.
Hapa nilimwita kwa jina lake, mchana kweupe.
Hakuja.

Bati la kumi na tisa: uzi wa shaba umejikunja,
ukapepesa jicho.
"Huyo mjusi," akasema, "miguu aliiacha zamani.
Nyoka hapepesi."

Kando yake, gamba jepesi kama karatasi ya vitunguu,
zigizaga ya mgongoni bado inasomeka.
Mwenyewe ameondoka, pengine asubuhi ileile,
nikiwa nasikiliza habari za mivujo.

Nimelitia kwenye kifuko cha beji,
nyuma ya jina langu.
Mwanaidi ananionyesha jozi kumi na moja.
Namwambia: kuna mtu nimepishana naye.