Dirisha la Msimu

Tajiri alisema: wiki hii ya mnada wa korosho
nataka Masasi nzima ikipita hapa isimame.
Akatuachia kioo, futi sita kwa nane, na funguo.

Nampota alileta mwanamke wa mninga,
nyonga moja juu, kama anayesubiri chenji.
Nikamwambia, gauni langu halina nyonga hiyo.
Akasema, basi gauni lako halijawahi kusubiri chenji.
Nikafumua mshono wa ubavu, usiku kucha, nimenuna.

Chilumba wa umeme hakutaka habari za kitambaa.
"Nyie pambeni mtu. Mimi napamba kivuli."
Taa akaificha sakafuni, ndani ya debe la mafuta,
na kitenge changu cha dhahabu
kikawa rangi ya ukoko.
Tukagombana. Nampota akatumalizia korosho akituangalia,
kisha akachukua tupa, akapunguza kidevu,
kidogo tu,
uso ukapokea mwanga, bega likauacha upite,
na nguo, sijui niseme nini,
ikavuta pumzi.

Saa mbili usiku tukafungua pazia la mbele.
Watu hakuna. Mbwa. Kijana wa bodaboda, kalala juu ya tangi.
Halafu mkulima wa Chikundi, risiti ya mnada mkononi,
akasimama, akavua kofia:
"Shikamoo, mama."

Akangoja.

Nyuma ya pazia la pili tukatazamana, watatu,
kila mmoja anajua anayeamkiwa ni nani.
"Marahaba," tukaitika,
na hakuna aliyemwachia mwenzake.