Kwa Marusia, Kabla Hujapanda Meli

Fika Vancouver siku moja kabla.
Ndege za Saskatoon unazijua, theluji ikikohoa tu haziruki,
na meli haina mjomba, dada, haimsubiri mtu.

Sanduku kubwa watalipokea gatini,
hutaliona tena hadi jioni.
Dawa za presha, miwani, nguo ya kuogelea
vitie kwenye mkoba wa begani.
Mimi safari ya kwanza nilikaa kando ya bwawa
na koti la sufu na viatu vya mvua,
nikiwatazama wenzangu wakielea kama maandazi.

Chumba chukua cha katikati, ghorofa ya chini.
Huko juu wanalipia mandhari, kisha wanatapika.
Kipande cha tangawizi mbichi, weka chini ya ulimi;
tufaha la kijani nalo husaidia, sijui kwa nini.
Tumbo likipanda, usijifungie. Toka nje,
shika chuma, tazama pale mbingu inapogusa maji.
Sisi watu wa ngano tunaujua mstari ule:
ni shamba la baba tu, limelowa.

Chakula. Macho hayana pazia.
Siku ya kwanza kila mtu hujaza mlima,
kamba juu ya viazi, keki juu ya kamba.
Wewe zunguka mikono mitupu, mzunguko mzima,
ndipo ushike sahani.
Saa mbili asubuhi usiende, foleni ni ya mazishi ya askofu.
Nenda saa kumi na mbili na nusu,
wahudumu bado wanapanga vijiko
na kahawa haijaungua.

Kuta ni za chuma: beba sumaku sita.
Intaneti usinunue. Watoto hawatakufa.

Saa yako ifuate ya meli, si ya simu.
Skagway nilimwona mwanamume akikimbia gatini,
kiatu kimoja mkononi,
mkewe juu kwenye sitaha akipunga leso,
sikujua anamwita au anamuaga.

Ketchikan kutanyesha. Usilipie ziara ya basi.
Yapite maduka ya vito, panda ngazi za mbao
hadi zikwishe, shuka upande wa pili:
Bernadette, mama wa Kitlingit,
anauza samoni wa moshi dirishani kwake.
Usiombe punguzo.
Atakuuliza mama yako ni wa kwa nani
kabla hajakuuliza jina. Mjibu vizuri.

Sasa lile tunalolikwepa.
Watakutoza bei ya watu wawili.
Nilipiga simu, nikabishana nao saa nzima,
nikamwambia yule binti, mwenzake amefariki Machi.
Akasema pole, akaisoma tena bei ileile.

Basi umelipia vitanda viwili.
Mhudumu wako ataitwa Rodel, kwao Iloilo,
bahasha yake mpe siku ya kwanza, usingoje ya mwisho,
muulize habari za binti yake anayesomea unesi.
Atakuuliza, kitanda cha pili akiondoe?
Mimi, mwaka ule wangu, nilisema ndiyo.
Usiku nikaamka, nikaiona sakafu,
ilikuwa pana kuliko kitanda.
Mwambie akiache.
Kitupie koti la Bohdan, au ramani, au maganda ya machungwa,
hakuna atakayekuuliza.

Siku ya barafu amka saa kumi na moja.
Roshani ya kulipia ya nini? Sitaha ya mbele ni bure.
Nenda na blanketi la kitandani, Rodel atajifanya hajaona.
Ukuta ule ukimeguka, macho yatatangulia
na mlio utakuja baadaye.
Kati ya hayo mawili kuna kimya kifupi,
wote watakuwa wameinua simu.
Wewe usiinue kitu.

Na soksi, Marusia. Jozi nane.
Usinibishie, beba nane.