Mshale wa Njano

Walinipa kopo la rangi ya njano, brashi mbili,
na karatasi yenye mstari mwekundu:
Tukuyu hadi Matema kwa baiskeli,
Matema hadi Ikombe kwa miguu.
"Kila njia panda mshale, Ambokile.
Kila kilomita namba.
Wageni wakija kutazama mandhari
wasipotee."

Nikashuka Tukuyu gizani, ukungu umelala kwenye migomba,
kopo likigonga fremu kama mtu anayebisha hodi
na hafunguliwi.
Mteremko ule hauna huruma na breki:
raba zilinuka hadi nikasimama kuzipoza kwa mate.
Chai ikaisha. Ndizi zikaisha. Joto likapanda kunipokea.
Ipinda nilikuwa nimeshavua sweta,
nimelifunga kiunoni mikono ikining'inia nyuma,
na kando ya barabara kakao imeanikwa juu ya mikeka,
inanuka kama pombe ya jana.
Mtoto mmoja aliyekuwa anaigeuza kwa nyayo
akauliza, "Unachora nini?"
"Njia."
Akatazama barabara, akanitazama mimi,
akaendelea na kakao yake.

Matema niliacha baiskeli kwa fundi pancha.
Toka hapo milima inasukuma, ziwa linasukuma,
na njia imebanwa katikati,
nyembamba, kama mtu anayepita kwenye foleni
akiomba radhi kulia na kushoto.
Moja, nikaandika. Mbili, nikaandika.
Ya tatu nililipata jiwe zuri,
bapa, limefika kiunoni, limelainika kwa juu.
Nikainama. Brashi ikateleza vizuri.

"Hilo ni la kutulia vyungu."

Sikumsikia akija. Vyungu vinne kichwani,
kimoja ndani ya kingine, nyasi kavu katikati,
shingo yake haikutikisika hata alipokasirika.
Anyisile, alisema baadaye, nilipomsaidia kutua,
pembeni, kwenye mchanga,
maana jiwe lake lilikuwa bichi.

"Tatu ya nini?"
"Kilomita. Kutoka Matema."
"Mimi natoka Ikombe.
Kwangu mimi hapa ndipo shingo inaanza kudai.
Mbele, penye mtiririko, ndipo unapokunywa.
Ukipita kona utaona moshi wa Lyulilo,
ukiuona usitue tena, maana hutainuka.
Hiyo tatu yako nitaifanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kopo.

"Na hapo uliposimama," akasema,
"mama yangu alianguka na sita.
Siku ya soko. Mvua.
Alikaa akacheka, halafu akalia, halafu akarudi nyumbani
akakanda udongo mwingine."

Nikatazama chini ya viatu vyangu.
Nilidhani ni kokoto.
Vilikuwa vigae, vyekundu, vyeusi kwa moshi,
kimoja kina ukingo, kingine kina michoro ya kucha,
vigae juu ya vigae, vimekanyagwa na kushindiliwa
kwenda mbele mpaka kwenye kona na nyuma mpaka nilikotoka.
Nilikuwa nimetembea juu ya mikosi ya watu
nikihesabu hatua.

Nilijaribu maji ya ziwa. Rangi ikacheka.
Anyisile akachota tope penye mtiririko,
akalipaka jiwe kwa kiganja, mzunguko mmoja, miwili,
kama anamalizia chungu,
na ile tatu ikazama humo,
mshale ukabaki na ncha tu, halafu bila ncha.

Kwenye ripoti niliandika: rangi haikutosha.

Siku hizi wageni huja, na baiskeli zao nyepesi kama panzi.
Huniuliza kwa nini namba zinaishia mbili.
Nawaambia viatu vyenye soli nene waviache kwa fundi pancha.
Wengine hukasirika.
Wengine huvua, huenda, na kabla ya kona nawasikia
wamenyamaza,
wameinua mguu mmoja,
wanatazama walichokanyaga.