Godoro Mara Arobaini

Tajiri Kimambo kanipa kiti cha plastiki
ghorofa ya pili, Mtaa wa Swahili, Kariakoo.
Chini yetu magodoro yamepangwa hadi darini,
yamevishwa nailoni, yananuka upya.
"Andika," anasema. "Ila godoro liwe mwanzo,
godoro katikati, godoro mwisho.
Mtambo wa kutafutia hauna macho, una hesabu."

Nikaandika.
Godoro bora, godoro imara, godoro bei poa,
duka la godoro, godoro Dar es Salaam, godoro, godoro,
hata neno likaniishia utamu mdomoni
kama bigijii ya juzi.
Nilihesabu: arobaini na moja.
Tukatokea ukurasa wa sita,
kule wasikofika hata waliopotea.

Siku hiyo umeme ukakatika, nikashuka dukani.
Mshindo muuzaji amekaa juu ya bando, anachambua karanga.
Akaingia dada mmoja, kilemba kimelegea,
akasimama katikati kama aliyesahau alichofuata.
Mshindo hakusema bora. Hakusema imara.
Alimuuliza,
"Atakayelala ni nani?"

"Baba. Mwezi wa tatu huu hajigeuzi.
Mgongo umeanza kuchubuka."

Mshindo akafuta maganda kiganjani,
akabonyeza sponji, akamwambia abonyeze naye:
"Hili likuache lirudi polepole. Likirudi haraka, liache.
Na hata ukilinunua, mgeuze kila baada ya saa mbili.
Hakuna godoro linaloshika zamu."

Umeme uliporudi nilikuwa nimeshapanda ngazi.
Nikafuta magodoro thelathini na tisa.
Nikafuta na yule mwanamke wa picha, mzungu wa kupakuliwa,
anayechekea mto.
Badala yake nikaweka kiganja cha Mshindo, na ganda lake moja la karanga.
Juu nikaandika kwa herufi nene:
*Unauguza mtu asiyeweza kujigeuza? Soma kwanza, nunua baadaye.*
Aya fupi. Inchi. Bei, bila "piga simu kwa maelezo".
Nauli ya kirikuu hadi Mbagala, hadi Bunju.
Na ile ya zamu, neno kwa neno.

Kimambo akasoma, akavua miwani.
"Godoro langu limekwenda wapi?"

Wiki zikapita kimya, nami nikaanza kutafuta kazi nyingine.
Kisha usiku mmoja, saa nane, simu ya duka, niliyokabidhiwa kwa adhabu:
sauti ya mwanamume, Chanika, anaongea chini chini
asimwamshe mgonjwa.
Samahani kwa usiku. Amewaona ninyi wa kwanza kabisa.
Nikamuuliza, kaka, uliandika nini ukatuona?
"Niliandika tu, *mama kachubuka mgongo nifanyeje*."

Godoro hakulitaja. Hata mara moja.

Asubuhi nikamsimulia tajiri, maneno yakigongana.
Akanyamaza muda mrefu, akapiga hesabu kwa vidole,
uso ukamwangaza.
"Sawa," akasema, "nimeelewa.
Leo andika *kuchubuka*.
Mara arobaini."