Sindano ya Kumi na Moja

Miaka thelathini na minane nimeishika sindano
upande wenye tundu.
Leo nimelala kifudifudi, Mtaa wa Wólczańska, hapa Łódź,
ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
na ncha inanitazama mimi.

Bega ndilo limenileta. La kulia.
Limegoma tangu Novemba, hata sidiria halitaki kufunga.
Nimelipaka kafuri, nimelipaka mafuta ya bata bukini,
mpaka jirani yangu Halszka akasema:
Genowefa, nenda kwa yule Mvietnamu,
mimi alinirudishia kiuno.
Nikacheka. Kisha nikaomba namba.

Daktari Thoa ana mikono midogo, ya baridi kwa kunawa.
Kazaliwa Nam Định, viazi hununua soko langu,
na Kipolandi chake ni cha hapa hapa,
kinakata maneno kama mkasi.
"Vuta pumzi," anasema. "Toa."
Na ninapotoa,
tk.
Basi. Kama mtu aliyebisha hodi akaondoka.

Nilikuwa nimejikaza kwa ile ya hospitali,
nene, inayokuja na maji yake ya moto.
Hii ni unywele.
Hii ningeparazia soksi za hariri, zile za kupelekwa ng'ambo,
tulizozikunja kwa karatasi laini bila kuzivaa.

Ya pili, tk. Ya tatu.
Ya nne anaifikisha mahali, anaisokota kwa vidole viwili,
na hapo linatokea jambo nisilo na jina lake.
Si maumivu. Maumivu nayajua kwa sura.
Ni uzito: pasi imewekwa ndani ya nyama
ikiwa bado na joto lake la mwisho.
Halafu uzito ukajinyoosha, ukateremka mkononi
kwa njia ambayo mimi, mwenye mkono, sikuijua,
ukafika kidole cha pete, ukaketi.
"Amefika?"
"Nani?"
Anacheka. "Basi amefika."

Sasa ninasisimka. Mgongoni sisimizi wanahama nyumba,
kila mmoja na punje yake.
Mguu wa kushoto, ambao hakuna aliyeugusa, unapata joto.
Pua inawasha na siwezi kuikuna.
Nje tramu inapinda kona, reli zinalia,
na sindano zote, naapa, zinaitikia.

Anapunguza taa. Anafunga mlango.
Nusu saa peke yangu.
Nguo ngapi nilizibana kwa pini, nikaziacha mezani
nikaenda zangu kunywa chai?
Hakuna iliyoniuliza: unarudi lini?
Mkuki kwa nguruwe, nikawaza, nikacheka,
kicheko kikalichoma bega, nikatulia.

Nikatulia mno.
Sikulala. Ila nilisikia mtu akikoroma.
Na machozi yakanitoka, hayakuleta habari yoyote,
yalidondoka tu kupitia lile tundu la uso kitandani
mpaka sakafuni, katikati ya viatu vyangu.

Amerudi. Anachomoa, anahesabu kwa lugha ya kwao,
nami nahesabu kwa yangu,
maana kiwandani sindano ikipotea hakuna kwenda nyumbani:
mashine zinasimama, wanawake sitini wanapiga magoti
wanapapasa mbao hadi ipatikane.
Kumi.
"Zilikuwa kumi na moja," nasema.
Ananyamaza. Anakung'uta shuka, anachungulia mvunguni.
Nami nashuka, nusu uchi, tunapapasa wawili.

Kumbe iko sikioni mwangu,
imesimama kama hereni ya bibi arusi,
wala siihisi.
Ilikuwa imeshakuwa mimi.

Ngazi nazishuka kama niliyebeba bakuli la maji limejaa.
Nina kiu. Theluji imeanza.
Bega bado linauma, nisiseme uongo,
ila linauma kwa sauti ya chini,
kama jirani aliyegonga ukuta usiku kucha
na sasa anajua nimemsikia.